Kiti Alichoahidiwa Ana

Mpaka sasa akili yangu inakataa. Ana, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, alifariki juzi kwa homa hapa Masasi, na jana tumemzika kwao Newala.

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuongea. Ana ndiye alikuwa ananisemea. Leo nasema mwenyewe, maana nimeziona posti zenu.

Tulikuwa wote kwenye programu ya kuwafundisha vijana mambo ya ndege, pale uwanja wetu mdogo. Kila Jumamosi tulianza kwa kutembea mstari mmoja kwenye njia ya kurukia tukiokota mawe, kwa sababu hata jiwe dogo linaweza kuharibu ndege. Ana alisimama mwisho wa mstari. Tukimaliza anainua mkono: "Njia safi."

Siku moja fundi alituonyesha anavyokinga mafuta ya ndege kwenye kikombe kuangalia kama yameingia maji.

"Ukiyakuta?" Ana akauliza.

"Namwaga."

"Kumbe. Sisi Newala tunayatafuta kwa ndoo, nyie mnamwaga."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Mtaani Mkomaindo mlimwita Rubani wa Mikorosho. "Rubani, ukipita juu tutupie soda." Yeye anajibu, "Fungua mdomo vizuri, isimwagike." Leo nyie hao hao mnaandika "pumzika rubani wetu". Futeni.

Mratibu wa programu alituahidi kwamba siku ya wageni, atakayejibu maswali yote atapandishwa ndege azunguke juu mara moja. Ana alitaka kitu kimoja tu, kuliona bati la nyumba ya mama yake kutoka juu. Alijibu yote.

Kiti akapewa mtoto wa mgeni rasmi. Raba nyeupe, simu mkononi, hata mkanda alifungiwa.

"Binti, wewe utapanda siku nyingine," mratibu akamwambia.

"Siku nyingine ndiyo lini, baba?"

"Tutawasiliana."

Yule kijana alishuka ametapikia raba zake. Ana akamletea maji. Mimi nisingempa.

Mratibu, asubuhi hii umeandika, "Tumempoteza rubani wa kesho." Picha uliyoweka ni ile uliyomvalisha kizibao cha reflekta. Ilipopigwa tu ukamvua, ukamvalisha mwingine, naye akapigwa yake. Umempoteza vipi mtu ambaye hukuwahi kumtafuta? Namba yake ulikuwa nayo. Ile "tutawasiliana" yako imefika msibani, imevaa miwani ya jua.

Jana gari lililombeba liliishia barabarani. Kinjia cha kwenda kwao kina mawe. Hakuna aliyetuambia kitu. Sisi wa programu tulijipanga mstari, tukatangulia mbele ya jeneza tukiokota.

"Mmeangusha nini?" mratibu akauliza.

Mama Ana alitutazama, kisha akainama akaokota moja na yeye.

Mwisho wa mstari nilisimama mimi. Tulipofika mlangoni niliinua mkono, lakini sauti haikutoka. Basi nakuambia hapa, mbele ya watu wote hawa.

Lala, rafiki yangu. Njia safi.