Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Mama alikaanga mgongo wazi mtaani Obunga tangu nikiwa shule ya msingi. Ni ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa, na ndiyo iliyonilipia karo. Moshi wa jiko ulimwingia miaka yote hiyo, nasi tukazoea kikohozi chake.

Aliposhindwa kupanda ngazi za kanisa, nilimpeleka hospitali. Kiswahili cha Mama ni cha kuuzia samaki tu, kwa hiyo mimi msomi ndiye nikawa mkalimani. Daktari akasema, "Hii ni kifua sugu." Nikasikia kifua, na akili ikaruka moja kwa moja hadi kifua kikuu. Sikuuliza. Nikamgeukia Mama, nikamwambia jina la ugonjwa huo kwa Kijaluo: kahera. Akainamisha kichwa. Daktari alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Dawa ya kuvuta kwa mdomo aliyoandikiwa, hospitali hawakuwa nayo. Niliinunua duka la dawa, na hakuna aliyetuonyesha jinsi ya kuivuta, wala sikujisumbua kutafuta wa kutuonyesha. Ila kikombe chake nilikifunga uzi mwekundu siku hiyo hiyo, mtu mwingine asije akakinywea. Akija kwangu Mamboleo, nilimwekea kiti mlangoni. Binti yangu alikuwa na miezi mitatu. Mama alimwimbia kutoka pale pale, mikono ameibana kwapani, mpaka akaishiwa pumzi. Nami nikajiona mzazi makini.

Mwaka na nusu ukapita hivyo. Pumzi ilipombana tena, tulihudumiwa na nesi aliyezungumza na Mama kwa Kijaluo, taratibu, bila mkalimani. Kisha akanigeukia.

"Nani aliambia mama yako ati ni kahera? Hii haiambukizi mtu. Ni moshi ya jikoni."

"Labda alisikia vibaya," nikajibu upesi.

Hilo linaniaibisha kuliko kosa lenyewe. Mama alinitazama kidogo, kisha akajikusanya, akamjibu nesi kwa Kiswahili chake kile kile.

"Eeh, sista. Ni mimi nilisikia vibaya."

Tulipofika Mamboleo, alikipita kiti chake. Akaingia hadi katikati ya chumba, akapiga magoti kwa shida, akanyoosha mikono. Binti yangu alimtazama nyanya yake, akanitazama mimi, kisha akamwonyesha mlango kwa kidole.

"Kiti," akamwambia.