Pikipiki Iliyobaki Kakese

Ufunguo ulianguka kwenye jaruba la mpunga, asubuhi ya masika, wakati mikono yangu yote miwili ikiwa ndani ya ng'ombe. Sikusikia ukianguka. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na mlio wowote, hata chubwi ndogo tu, lakini kinachonijia ni ukungu uliolala juu ya mpunga, yule ng'ombe mwekundu aliyezama matopeni hadi magotini, na sauti za wanawake wa boma lile wakimtuliza kwa Kisukuma, polepole, kama anavyobembelezwa mtoto.

Mimi ni afisa mifugo. Huku kwetu Katavi watu hawana haja na cheo hicho, wananiita dokta. Asubuhi ile niliitwa Kakese kwenye boma la bibi mmoja mjane ambaye ukoo wake ulihama kutoka kaskazini na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Ng'ombe alikuwa ametoroka zizini akiwa na uchungu na kwenda kuzalia mpungani. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja. Nilivua gambuti, nikaingia majini, nikafanya kazi mpaka jua likapenya ukungu. Ndama alitoka akiwa hai. Bibi alimpuliza puani, akacheka peke yake.

Ndipo nikapeleka mkono kwenye mfuko wa ovaroli na kukuta hakuna kitu.

Tulitafuta. Sijawahi kuona watu wakitafuta namna ile. Wanawake sita walisimama mstari mmoja, khanga zimefungwa juu ya magoti, wakaanza kutembea kwa kuburuta nyayo, bila kuinama, wakitazama mbele kwa utulivu kana kwamba wanasikiliza kitu kwa miguu yao. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nami nilijipanga mwishoni. Vidole vyangu vilikuta mizizi, konokono, kipande cha jembe. Mmoja alikuta bangili ya shaba ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Tulikwenda na kurudi mpaka mpunga ukaanza kulala, na bibi akasema inatosha.

"Tope halirudishi kitu kwa kulazimishwa," alisema. "Pikipiki yako iache hapa. Hapa haiibiwi."

Tuliisukuma mpaka uani, chini ya paa la ghala la karanga, akaifunika kwa turubai. Nilirudi mjini kwa bodaboda, nimekaa nyuma, matope yakinikaukia miguuni.

Lazima niseme pikipiki ile ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mama yangu. Mama alikuwa mkunga. Alizunguka zahanati za vijijini kwa pikipiki wakati ambapo mwanamke juu ya pikipiki alikuwa kitu cha kusimamisha jembe na kutazama. Zile za kazini alizirudisha kila alipohamishwa. Hii ya mwisho alijinunulia mwenyewe, kwa watafiti waliokuwa wanafunga kambi yao kule hifadhini na kuondoka. Ilikuwa kubwa, nzito, ya rangi ya majivu, na ina ngurumo ya chini ambayo mimi niliitambua nikiwa jikoni kabla haijafika kona ya mtaa wetu. Ufunguo wake ulikuwa mmoja tu. Watafiti walisema wa pili ulipotea porini.

Kisha macho ya mama yakaanza kufifia. Presha ya macho, walimwambia hospitali, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Alinikabidhi pikipiki bila maneno mengi, akaingia ndani. Ndani hasa. Alikuwa hatoki hata kwenda kanisani. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio imewashwa kwa sauti ndogo, na mtu akija kumsalimia alijibu kwa adabu na kunyamaza mpaka mgeni aone aibu na kuaga. Miaka miwili ilipita hivyo.

Nilimweleza habari ya ufunguo huku nikinawa miguu. Nilitegemea aseme hewala, kama alivyosema kwa kila kitu siku zile. Badala yake alizima redio.

"Iko wapi sasa?"

"Kakese, mama. Kwenye boma la watu."

"Imenyeshewa?"

"Iko chini ya ghala."

"Kesho ukienda na fundi, tutakwenda wote."

Fundi funguo alikuwa mwanamume mtu mzima, mpole, mwenye meza ndogo karibu na soko. Alikubali kuja. Asubuhi tulipanda bajaji watu watatu, mama katikati ameshika kitambaa chake cha kichwa, na yule fundi amepakata kisanduku cha tupa zake. Barabara ilikuwa imejaa madimbwi yaliyobeba taswira ya mbingu. Sikumweleza mama ninachokiona, na hakuniuliza. Alinyoosha tu shingo kuelekea upepo.

Uani kwa bibi, msichana mmoja wa boma alimshika mama mkono akamshusha. Mama alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pikipiki, sijui aliongozwa na nini, labda harufu ya mafuta. Akaondoa turubai. Akapapasa tangi, kisha kiti, kisha usukani, akikawia kidogo kila mahali.

"Umekonda," aliiambia, nasi tukacheka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu macho yalipomwacha.

Fundi aliingiza ufunguo mtupu kwenye swichi, akauzungusha kidogo, akautoa, akazitazama alama zake kwenye mwanga, akapiga tupa, akaurudisha. Alifanya hivyo mara nyingi, bila haraka. Kuku walipita kati ya miguu yetu. Mlio wa tupa ile ulikuwa mwembamba na wa kurudiarudia, nikahisi kama nataka kulala nikiwa nimesimama. Mwishowe alikaza mkono kidogo zaidi, na mama akasema:

"Taratibu, baba. Usiilazimishe. Itakuja yenyewe."

Ufunguo ulizunguka. Dashibodi ikawaka. Lakini injini haikujibu, na kwenye kioo taa ndogo yenye umbo la ufunguo ikawa inafumba na kufumbua, nyekundu, bila kukoma.

"Hii ina chipu," fundi alisema, akifuta jasho. "Kwenye kichwa cha ufunguo uliopotea kulikuwa na kidude kidogo kama punje ya mchele. Ndicho pikipiki inachokitambua. Mimi nimechonga chuma, na chuma kimekubali, ila pikipiki yenyewe bado inaniona mgeni."

"Si uunganishe nyaya tu?" niliuliza. Madereva wa bodaboda walikuwa wameniambia hivyo kijiweni.

"Hizo za bodaboda, sawa. Hii utaunganisha mpaka uzeeke, dokta."

Nilikuwa bado naitazama ile taa nilipogundua kwamba bibi mwenye boma hakuwa ananisikiliza mimi wala fundi. Alikuwa amesimama na kata ya maji mkononi, maji yanamwagika kidogo kidogo, anamtazama mama.

"Rudia," alimwambia.

"Nirudie nini, mama?"

"Ulichomwambia huyu baba."

Mama akarudia, kwa kusita. Usiilazimishe. Itakuja yenyewe.

"Ni wewe," alisema bibi. "Nimekaa na sauti hiyo miaka yote. Ulikuja hapa mchana wa mvua, na pikipiki nyekundu ndogo. Mkwe wangu alikuwa amechoka, tulishakata tamaa."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti ile. Nilimwona anatafuta. Sijui kama aliyepoteza macho anatafuta ndani kwa namna ileile tuliyotafuta sisi mpungani, lakini uso wake ulikuwa na utulivu uleule.

"Mapacha," alisema hatimaye. "Wa kike wote. Wa pili alitanguliza miguu."

Bibi aliweka kata chini. "Mmoja ameolewa Litapunga. Mwingine ndiye aliyekushusha kwenye bajaji."

Mama aliinua mkono wake wa kulia, ule ulioshikwa, akauweka shavuni. Hakulia. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza kama anaweza kupata mahali pa kukaa.

Fundi alifungua kiti cha pikipiki akatoa kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni. Alisema kumbukumbu yote imo humo. Yeye hakuwa na mashine ya kuisoma, ila mwalimu wake aliyemfundisha kazi alikuwa Tabora, na mwalimu angeweza kusoma namba iliyomo na kuiandika kwenye chipu mpya. Akakifunga kwenye gazeti pamoja na ufunguo wetu mpya, akampa mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa anasafiri kwa treni. Nilikwenda stesheni kushuhudia. Yule mama alikiweka kifuani, ndani ya nguo, akanipungia mkono, na mabehewa yakaondoka taratibu mno, kiasi kwamba kwa muda nilidhani ni stesheni inayoondoka.

Tukasubiri.

Siku zile nazikumbuka kama siku za mtu mwenye homa nyepesi. Nilizunguka kwa baiskeli ya kuazima, na pengine kwa miguu, kwenye njia ambazo kwa miaka nilizipita nikiwa nimekunja uso kukwepa vumbi. Sikujua kwamba baada ya mvua miti ya porini inanuka asali. Sikujua kwamba kati ya mjini na Kakese kuna mahali ambapo sauti zote zinakatika ghafla, hatua kama kumi hivi, kisha ndege wanaanza tena. Niliwahi kusimama pale katikati nikingoja kitu nisichokijua, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anapita na kuni akanisalimia kwa wasiwasi.

Na kila asubuhi mama alikuwa tayari mlangoni kabla yangu, amevaa, ameshika pochi. Bajaji ilimpeleka Kakese. Mchana nikipita kwenda kumwona ndama niliwakuta wamekaa mkekani, yeye na bibi, wanamenya karanga. Bibi alimfundisha kusalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka," alisema mama, kwa lafudhi mbaya kabisa, na wakwe wote wakaitika kutoka pande zote za boma. Walimpa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando. Wajawazito wa jirani walianza kuja, mmoja mmoja, wakijifanya wanaomba chumvi. Mama aliwawekea mikono tumboni, akafumba yale macho yasiyoona, akawaambia mtoto amelalaje. Na kila mara alimalizia kwa ukali uleule wa zamani: "Zahanati unakwenda lini? Nyie msinitegemee mimi kipofu."

Jioni moja, tukirudi, alisema bila kunigeukia, "Nilidhani kazi yangu ilikuwa machoni."

Nilimshika goti.

Kisanduku kilirudi kwa treni baada ya siku nyingi kiasi, kimefungwa kwenye gazeti jingine. Fundi alikuja Kakese nacho mfukoni, akakirudisha chini ya kiti, akakaza skrubu. Boma zima lilikuwa limekusanyika. Mama alisimama mbele ya pikipiki, mkono juu ya taa kubwa, kama mtu anayemshika ng'ombe kichwa. Fundi akanipa ufunguo. Ulikuwa mpya na mwepesi kuliko ule wa kwanza, na kingo zake zilikuwa bado kali.

Nikazungusha.

Taa nyekundu ikawaka. Nikaitazama nikiwa nimebana pumzi, nikingoja ianze kupepesa.

"Imekukubali," alisema mama.

"Bado, mama, taa haijazima."

"Nyamaza usikilize."

Nikasikiliza. Chini ya tangi kulikuwa na mvumo mdogo, wa kuvuta mafuta, mwembamba kama nyuki ndani ya chupa. Ulidumu kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Siku ya kwanza haukuwepo, na mimi niliyekuwa nimeiendesha pikipiki ile miaka miwili sikujua kwamba huwa upo. Ndipo taa ikazima. Nikabonyeza kitufe, na ngurumo ile ya chini ikajaza ua, kuku wakatawanyika, bibi akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Mama alipanda nyuma bila kusaidiwa. Alikaa kiume, kama zamani, gauni amelikusanya magotini. Tulipofika njia ya kwenda nyumbani alinigusa bega.

"Zunguka," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Popote. Pita Magamba. Leo sina haraka."

Nikazunguka. Mawingu yalikuwa yameshuka chini, mwanga umekuwa wa rangi ya ndizi mbivu, na mashamba ya mahindi pande zote mbili yalikuwa yamesimama kimya kabisa. Mikono yake ilikuwa kiunoni kwangu, haikunibana. Kwenye mlima mdogo injini ilianza kulemewa, nami nilikuwa nimesahau, nilikuwa mbali kimawazo.

"Gia," alisema sikioni mwangu.

Nikapunguza gia. Tukapanda. Tulipofika tambarare nilingoja, makusudi sasa, nikisikiliza naye.

"Gia," alisema tena, na safari hii alikuwa anacheka.