Mwendo wa Msiba

Kabla ya asubuhi ile, hali ilikuwa hivi. Nilikuwa na miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu, nikiishi Kilwa Masoko katika nyumba iliyo mwendo wa robo saa kutoka kwa dada yangu mkubwa, anayekaa karibu na soko. Kazi iliyonibakia ilikuwa kusoma. Familia za pwani hii zimehifadhi barua na wasia zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na wanaoweza kuzisoma sasa ni wachache; waliniletea, nami nikazinakili kwa herufi za leo. Macho yangu yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limebakiwa na nuru tu, bila umbo. La kulia lilisoma kwa lenzi ya mkononi, dirishani, kuanzia saa tatu hadi saa sita, na kila mwezi muda huo ulipungua.

Madaktari wa macho hufika Lindi kwa zamu. Zamu iliyotangulia nilikwenda, nikavishwa joho la upasuaji, nikakalishwa kwenye benchi, kisha nikapimwa presha. Ilikuwa mia moja tisini na nne kwa mia moja na kumi.

"Kwa presha hii siligusi jicho," daktari alisema. "Linaweza kuvuja damu ndani, ukalipoteza moja kwa moja. Rudi zamu ijayo, baada ya miezi mitano."

Nilirudi siku ile ile. Gari lilipopita njiapanda ya Kiswere nilijaribu kusoma kibao cha kijiji, nikaona weupe mtupu. Nilijua kwamba zamu moja zaidi nikikosa, lenzi haitanifaa kitu.

Muuguzi wa kliniki ya Masoko nilimfundisha darasa la tano. Miezi miwili baada ya safari ile alinihoji kama mimi nilivyokuwa nikimhoji.

"Vidonge unameza?"

"Kila siku, kwa saa yake."

"Chumvi?"

"Nimepunguza."

"Na mazoezi?"

"Nakwenda msikitini."

"Msikiti uko hatua arobaini kutoka mlangoni pako, mwalimu. Mimi nataka nusu saa kila siku, mwendo wa kuhema kidogo. Uweze kuzungumza, usiweze kuimba."

"Mimi siimbi."

"Basi usiweze kuvuta kasida."

Nilianza kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, kukiwa kumepambazuka. Nilivaa kanzu na kofia na kushika bakora, kwa sababu sikuwahi kutoka nyumbani kwa namna nyingine. Nilichagua kwenda mpaka kwenye mwarobaini ulio mbele ya nyumba ya dada, kugeuka, na kurudi. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila sikuwa nimewahesabu watu. Nusu ya mji huu nimeifundisha. Shikamoo mwalimu, marahaba, za nyumbani, salama, za macho, tunamshukuru Mungu, na mpwa wako wa Kipatimu, mzima? Mwisho wa wiki ya tatu niliandika katika daftari: dakika arobaini na nane, ambazo kati yake nimetembea kumi na tisa, nikageuka kabla ya kuufikia mwarobaini. Presha haikuwa imeshuka. Niliazimia kwamba kuanzia kesho nitainua mkono tu, nisisimame wala nisiseme.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea jambo ninalolijua. Kwetu, mtu aliyetumwa kupeleka habari ya kifo hasimami njiani wala hazungumzi na mtu, maana habari hiyo ni ya mfiwa kwanza. Wanaomwona nao hawamuulizi. Humfuata kwa mbali, ili mfiwa asiwe peke yake atakapoambiwa. Mimi mwenyewe nimetumwa hivyo mara kadhaa, katika kanzu ile ile.

Asubuhi ile nilikwenda kwa mwendo mzuri. Nilifika kwenye mwarobaini, nikageuka bila kuutazama mlango wa dada. Njiani wakati wa kurudi nilipishana na vivuli vya watu waliokuja upande wangu, vingi kuliko kawaida, vingine vikiwa vimejifunika khanga kichwani. Nilidhani wanakwenda sokoni. Niliinua mkono, nikapita.

Nilikuwa nakunywa maji wakati bodaboda aliposimama mlangoni.

"Mwalimu, panda. Dada yako."

"Amefanya nini?"

"Si wewe ndiye uliyepeleka?"

"Nimepeleka nini?"

Aliwasha pikipiki.

Nilikuta mikeka imekwisha kutandikwa uani. Dada alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, simu mkononi. Binti yake wa pekee alikuwa Kipatimu kwa mumewe, na mimba yake ilikuwa imetimiza miezi tisa.

"Sema," dada aliniambia. "Mimi nimeshakaa chini."

"Hakuna msiba, dada. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mwalimu," akasema bibi mmoja jirani, kwa upole mkubwa, "usimfiche. Ni mtu mzima."

Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyozidi kumuua mpwa wangu. Habari ya kifo kwetu haitolewi yote kwa mara moja. Huanza na mgonjwa hajambo, ikaja amezidiwa, na kila mtu uani pale alijua utaratibu huo. Niliapa. Wanawake wawili wakaanza kulia.

Kilichobaki ni simu, na simu haikupatikana. Kule milimani mtandao hupatikana kwa kupanda kilima, na hakuna ajuaye mtu atapanda saa ngapi. Dada alipiga, akakata, akapiga. Hakulia. Nilisimama mbele yake karibu saa mbili, damu ikigonga masikioni, na fikra iliyonijia nikashindwa kuifukuza ilikuwa hii: sina hakika. Niliapa kwamba sikuleta habari ya kifo, nalo ni kweli, lakini kwamba binti yu hai nilikuwa nadhani tu, kama wao walivyokuwa wanadhani kinyume chake.

Simu ililia saa mbili na nusu. Sauti ilikuwa kubwa, tuliisikia sote.

"Mama, mbona umepiga hivyo? Sijajifungua bado! Nikijifungua si nitakwambia?"

Dada alimpa jirani ile simu, akainuka taratibu, akanitazama.

"Mazoezi."

"Ndiyo, dada."

"Kwa kanzu. Na bakora."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Mikeka tumeshatandika, basi na pilau lipikwe," na watu wakacheka kicheko cha kutua mzigo. Mimi sikuweza kucheka. Mchana ule muuguzi alinipima: mia moja themanini na sita. Zilikuwa zimebaki wiki kumi.

Siku tatu sikutoka. Siku ya nne dada alikuja na mfuko, akautua mezani juu ya karatasi zangu. Ndani mlikuwa na raba na suruali ya mazoezi yenye mistari miwili ubavuni.

"Hakuna anayepeleka msiba kwa raba," alisema. "Vaa. Na kila ukifika kwenye mwarobaini, useme 'salama' kwa sauti. Nisipoisikia, nakuja kwako na mikeka yangu."

Nilivaa. Bodaboda wa kijiweni waliniuliza nacheza namba ngapi, na kama timu imeshapata kocha. Sikusimama, na safari hii hakuna aliyenifuata. Kwenye mwarobaini nilisema salama, na kutoka ndani sauti ya usingizi ilijibu, "Haya, nenda." Kwa wiki zile sikukosa hata siku moja, ya mvua ikiwemo.

Lindi tulikwenda pamoja, mimi na dada. Kipimo cha kwanza kilikuwa mia moja sabini na mbili. Muuguzi wa pale alisema ni hofu, nikae saa moja, watarudia. Nilikaa kwenye benchi lile lile.

"Acha kuhesabu pumzi," dada alisema. "Unahema kama mbuzi wa akika ya mjukuu wangu."

"Nahema kwa utaratibu."

"Utaratibu wako ninaujua. Uliniketisha chini asubuhi nzima."

Kipimo cha pili kilikuwa mia moja arobaini na sita kwa themanini na nane. Daktari alikiandika, akaagiza niletewe joho. Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji kabla ya adhuhuri, na kesho yake bandeji ikaondolewa. Kwa sasa nasoma kwa jicho hilo, na la kulia limepangiwa zamu ijayo.