Mimba ya Mama Ilivyonikataa, Mlingotini

Wakuu, heshima kwenu wote. Mimi ni mzee sasa, ila akili iligoma kuhitimu, bado iko darasa la saba, na ndivyo nitakavyosimulia. Hii si chai. Nilikuwepo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Mlingotini.

Nilikuwa mtoto pekee. Mama alishaharibikiwa mimba kadhaa. Baba yuko mashamba ya mkonge, anakuja akijisikia. Nyumbani mtu wa kucheka naye alikuwa mama tu. Nikimwigiza mwalimu wa hesabu anavyopiga chafya, mama anacheka mpaka anashika ukuta.

Basi akashika mimba. Na mimba ikanikataa.

Vijana wa humu labda hamuijui hiyo. Pwani mwenye mimba anaweza kuchukia harufu ya mtu mmoja tu, hata awe kipenzi chake. Wengi humkataa mume. Sasa mume hayupo, zamu ikaniangukia mimi. Nikikanyaga kizingiti, mama anatapika mpaka nyongo. Naoga, najipaka karafuu, wapi!

Nikahamishiwa jikoni, banda la makuti nyuma ya nyumba. Naigiza chafya, jogoo ananitazama kama mkaguzi wa shule.

Serious wakuu, ilikuwa inauma. Nasikia mama anacheka ndani na majirani, mimi niko nje kama viatu vya msikitini.

Mimba ilipofika mwezi wa tatu akatokwa damu. Nyingi, na mabonge, na maumivu. Wanawake wakaingia, wakafunga mlango. Walipotoka hakuna aliyenitazama usoni.

Mimba imetoka.

Nililia na kuku wangu. Halafu, utoto huo, nikawaza: angalau nitarudi ndani.

Baada ya siku chache akaja Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, kutoka Bagamoyo mjini. Kaleta mizizi ya kusafisha tumbo, maana ndivyo alivyofanyiwa kila aliyeharibikiwa. Akainjika chungu, akanituma nimpelekee mama uji.

Nikaingia natabasamu. Mama akaziba pua.

"Toka, mwanangu, toka!"

Akatapika.

Nikarudi jikoni nimenywea.

"Shangazi, amenitapikia tena."

"Kaoge, beberu wee."

"Nimeoga! Shangazi, mimba si imetoka? Sasa nani ananikataa?"

Mwiko ukasimama chunguni.

"Hebu rudi ndani," akasema polepole.

Nikarudi, mama akatapika. Akaingia jirani, hakuna kitu. Nikachungulia mimi, mama huyo, anatapika tena.

Shangazi akaepua chungu, akamwaga dawa yote kwenye majivu. "Twende hospitali."

Tulipata lori la nazi. Mama akalazwa mbele kwa dereva, mimi juu ya nazi, ili harufu yangu iende na upepo.

Mkunga alimpima. Ultrasound enzi hizo tungeisikia wapi? Alitumia mikono na akili. Akasema mlango wa kizazi umefunga, na tumbo ni kubwa kuliko miezi yake.

"Msimkande, msimpe mizizi. Alale, anywe maji kidogo kidogo. Damu ikirudi, au homa, mleteni mbio. Huenda walikuwa wawili, mmoja katoka."

Akalala. Mimi nikabaki jikoni, safari hii naomba Mungu nizidi kukataliwa. Kila asubuhi nachungulia mlangoni; siku ambayo mama hakutapika, sikula kwa hofu.

Jioni moja akasimama mlangoni, mimi mwisho wa uwanja.

"Mwanangu, si wewe."

"Najua, mama. Ni huyo bwege wa ndani."

Akacheka, akashika tumbo.

"Mwenzake sijui naye angekukataa, au angekupenda."

Wakuu, nikarudi jikoni kwa kuku wangu.

Alizaliwa wa kike. Siku hiyo nikaitwa ndani. Mama akanivuta kichwa, akaninusa utosini, muda mrefu. Hakutapika.

Nilichojifunza: damu ikitoka msijifanye mmemaliza hesabu. Nendeni kwanza hospitali, na mwanamke akisema bado anajisikia mjamzito, msikilizeni.

Waliobaki na mmoja kati ya wawili, karibuni kwenye comments. Yule aliyeondoka mlimlilia vipi? Sisi hatukujua kama inaruhusiwa. Hana jina wala kaburi, na dada yangu huwa ananiuliza pacha wake yuko wapi.