Ndoa Iliyosubiri Mtandao Mbekenyera

Siku ya ndoa yangu nilicheka mpaka wanja ukanichuruzika mashavuni, na bibi harusi wa kwetu Mbekenyera hacheki. Anainamisha kichwa, anajifunika khanga, anatulia tuli. Mimi nilishindwa. Kila nikikumbuka kwamba ndoa yangu inategemea mwanzi uliofungwa juu ya paa la jiko, kicheko kinanipanda upya.

Mambo yalikuwa hivi. Siku chache kabla, baba alianguka kutoka kwenye mkorosho akikata matawi makavu, akavunjika paja. Akalazwa Nachingwea, mguu umening'inizwa, hata kugeuka hawezi. Tukataka kuahirisha. Baba akakataa katakata: mchele umeshanunuliwa, wageni wameshaalikwa, na yeye hajafa. Angemruhusu shehe aozeshe kwa niaba yake, basi. Lakini shehe wetu naye ana yake. Aliwahi kuozesha kwa idhini ya sauti ya simu, kumbe aliyeongea hakuwa baba wa binti, na aibu ile haijamtoka. Akasema, "Nimwone uso. Nisipomwona akitamka mwenyewe, leo siozeshi."

Sasa kwetu simu inaongea, ila picha ni kazi. Ukipiga ya video unaona pua ya mtu, inaganda, inakatika. Kaka yangu, ambaye ni fundi simu mjini Ruangwa, akajitapa kwamba hilo ni dogo. Alikuwa na kishikwambi kikubwa alichouziwa na mtu, kisicho na hata tundu la kuingizia laini; kinategemea waifai tu, na waifai kwetu utaitoa wapi? Kwa hiyo nyumbani tulikiona kama sinia la kioo.

Asubuhi ya ndoa kaka akashuka kwenye bodaboda amekipakata kishikwambi chake, na mfukoni ana kirauta kidogo kinachoingia laini. Hicho ndicho kingevuta mtandao kutoka mbali na kukipa kishikwambi. Akakifunga kirauta kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akausimamisha mwanzi juu ya paa la jiko, akawa anauzungusha taratibu kuutafuta mnara. Mimi ndani nimekodolea macho kioo, kaka amenifungulia ukurasa wa kirauta, napaza sauti kumsomea vijiti vya mtandao: kimoja, viwili, rudi, umepitiliza, hapo hapo usipumue. Vilipojaa vyote kaka akaufunga mwanzi palepale, nami nikaruka juu ya kitanda na hina yangu miguuni. Mama akanivuta mguu nikae chini.

Tukampigia baba mdogo, aliyekuwa anamuuguza baba. Baba akatokea kioo kizima, ndevu hazijanyolewa, tunamhesabu hadi mikunjo ya paji la uso.

"Mnaniona?" akauliza.

"Tunakuona, baba."

"Mimi naona dari tu."

Tukageuza kishikwambi, akaniona, akacheka. Nilifurahi nusura nikibusu kile kioo.

Aliyetuharibia ni shangazi, dada yake baba, msimamizi wa jiko siku hiyo. Shangazi hajui kumnyima mgeni kitu, hata jivu. Wageni walipoona simu ya kaka inafungua picha chap chap, wakamuuliza shangazi siri ni nini. Akaenda kwa kaka, akambembeleza ampe neno la siri la waifai mpaka akapewa, kisha akaliandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, herufi kubwa, kila mtu alione. Kwetu mgeni hupewa maji ya kunywa kabla hata hajaulizwa habari za alikotoka, naye aliona hili halina tofauti. Wageni waliotoka Nandagala wakainamia simu, waliotoka Namungo wakainamia simu. Vijana wakafungua mpira.

Shehe akaja mlangoni kwangu na mashahidi wawili. Kishikwambi kikaegemezwa kwenye mto. Baba akatokea, akasema, "Shehe, mimi—" akaganda, mdomo wazi.

Tukangoja. Mdomo haukufungika.

"Huyu ananiruhusu au anapiga mwayo?" shehe akauliza.

Hapo kicheko kikanikauka. Mwenzangu alikuwa barazani na kanzu yake mpya, kesho yake anatakiwa kurudi kazini mbali, na ndoa yangu imekwama kwenye mdomo wa baba. Niliogopa kweli, machozi yakaanza kunilenga.

Kaka akatoka mbio kuangalia mwanzi, akakutana na mlango wa jiko. Akashika kichwa.

"Shangazi, umewagawia wote?"

"Sasa ningewagawia nusu?"

Alipoelezwa, shangazi akafuta mikono kwenye khanga, akasimama katikati ya uwanja. "Jamani, mtandao naomba mnirudishie. Mtoto haolewi." Wakazima mmoja mmoja. Wa mpira wakawa wa mwisho, wananung'unika kwamba ni penalti. Ndani, mdomo wa baba ukafungika, kisha akaendelea palepale alipokatikia: anamruhusu shehe aozeshe.

Shehe akanigeukia. "Binti, umeridhia?"

Kwetu bibi harusi hajibu swali hilo. Ananyamaza, na kimya chake ndiyo idhini. Somo wangu, kungwi aliyenifunda na aliyekuwa ameketi kando yangu, alinifundisha hivyo. Basi nikanyamaza vizuri kabisa. Kule Nachingwea baba akaanza kugonga kioo kwa kidole.

"Mbona kimya? Mmekatika tena?"

"Hatujakatika," shehe akamwambia. "Amenyamaza, ameridhia."

"Hapana, shehe. Nikiwa huku sijui kimya kipi cha mtandao na kipi cha mtoto. Mwanangu, sema nikusikie."

Somo akanifinya. Sikumjali.

"Namtaka, baba."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, ikafika hadi barazani, na wanaume wote wakaangua kicheko. Baba alikaa bila kusema neno. Safari hii mtandao ulikuwa mzima, maana alikuwa anapepesa macho.

"Vizuri," akasema. "Mama yako alipoulizwa alinyamaza. Mpaka leo sijui alikuwa anasema nini."

Chumba kizima kikamgeukia mama. Mama akajitengeneza khanga kichwani, polepole, kisha akakivuta kishikwambi mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Nilikutaka, baba watoto," akasema. "Haya, mwache shehe aozeshe, wali unapoa."