Upanga wa Kaka

Kaka yangu alipofariki, siku ya kumaliza matanga ukoo ulinikalisha kwenye kigoda chake, nikakabidhiwa muhoro wake, ule mundu wa kukatia majani ya migomba. Kwetu Nyabiyonza mrithi hukabidhiwa hivyo, au niseme katika ukoo wetu, maana ya wengine siyajui vizuri. Simu yake haikutajwa na mtu. Shemeji, mjane wake, alinipa baadaye jikoni, akasema chaji inaisha haraka.

Ndani ya simu mlikuwa na gemu. Ni la shujaa mwenye upanga anayeua majini, na kaka alikuwa ameshaimaliza hadithi yake. Mimi nilidhani kitu kikiisha kimeisha. Kumbe mfalme wa majini akishakufa ndipo linapofunguka shimo. Unashuka levo moja, unaua majini walewale ila wameongezewa nguvu, unaokota ngao inayoizidi kidogo ile ya jana, na kwa ngao hiyo unashuka tena. Mwisho wa shimo sijauona. Huenda naelewa vibaya, sikusoma sana na maelezo yake ni ya Kiingereza.

Nilicheza mchana, kahawa ikiwa imeanikwa. Watu walisema nalia kwa ndani. Nilijiangalia huko ndani, sikuona kitu. Kidole kilikuwa kinabonyeza, basi.

Halafu nikafika kwenye mlango uliokataa kufunguka. Upanga wa kaka ulikuwa haufai tena, gemu likataka niuyeyushe, utoke mwingine wenye nguvu zaidi. Ule upanga alikuwa ameupa jina la ng'ombe wa babu, la Kinyambo, lugha yetu. Ukiyeyushwa, jina linapotea wala halirudi. Na kwetu muhoro wa marehemu haupelekwi kwa mhunzi. Unaunoa mpaka uishe, lakini haufuliwi kuwa kitu kingine. Hilo nilifundishwa na baba. Kama linahusu na upanga wa kwenye simu, hakuna aliyenifundisha.

Nikabaki mlangoni, naua tena majini wa levo za juu niliokwisha kuwaua.

Mjini kuna muuza vitenge, Mwislamu ambaye asili ya kwao ni pwani. Yeye na kaka walikuwa wakicheza pamoja duka likipoa. Nikampelekea simu. Akauliza mbona nimesimama pale muda wote huo, nikamweleza habari ya muhoro. Alicheka kwanza.

"Mdogo wangu, wewe unalinda kaburi lenye betri."

Akaniona uso, akaacha. Nisimwonee: alinimiminia chai, akaniambia kaka mwenyewe aliyeyusha panga nyingi kabla ya ule, na hakuzionea huruma. Ule ulibaki kwa sababu aliugua. Labda ni kweli, labda alitaka kunipunguzia mzigo.

Nilimweleza shemeji, maana simu ilikuwa ya mumewe kabla haijawa yangu. Alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Akaomba kuona, nikamwonyesha shujaa amesimama mlangoni.

"Akivuka hapo anafika wapi?"

"Kwenye mlango mwingine, shemeji."

Akageuza kahawa kidogo.

"Muhoro wake umeunoa mpaka umebaki nusu, na hukuja kuniuliza," alisema. "Yeyusha. Unamsimamisha mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa."

Nikabonyeza. Moto uliwaka kwenye kioo, ukazimika. Upanga mpya ulikuwa na namba kubwa zaidi na jina la Kiingereza. Nilingoja nione kama itauma. Pengine itauma baadaye, sijui. Siku ile haikuuma. Mlango ulifunguka, na ndani walikuwamo majini walewale.

Shemeji akaomba nimtembeze shujaa tu, asipigane. Nikamtembeza kando ya ukuta, anakwenda na kurudi, na shemeji akiwa amechuchumaa karibu yangu, kahawa imemganda vidoleni. Aliangalia mpaka kioo kikaanza kufifia.

"Anatembea vilevile," alisema, akarudi kwenye mkeka wake.

Simu ikazima. Nikachukua muhoro, maana migomba ya upande wa bondeni ilikuwa bado haijapunguzwa majani.