Mzee Aliyekuja Kununua Mgahawa wa Nyololo

Nilipoamua kuuza mgahawa wangu wa Nyololo, nilidhani kazi itakuwa kumpata mnunuzi. Mnunuzi alikuja mapema tu. Kilichonishinda ni kumwelewa.

Mimi ni Mkenya. Mbeya nililetwa na kazi ya mkataba, mkataba ukaisha, na badala ya kurudi kwetu Kitale nikanunua kimgahawa hapa Nyololo, mkoa wa jirani, kando ya barabara kuu, pale madereva wa malori ya Zambia wanaposimama kula ugali na kunywa supu. Nilikipenda. Lakini mama yangu alikuwa amezeeka, hawezi tena kukaa peke yake, na kila simu kutoka nyumbani ilinipasua moyo. Nilitaka kuuza niondoke, ila si kwa mtu atakayemfukuza mpishi wangu, dada mmoja wa Kibena niliyeanza naye tangu mwanzo. Bila yeye ningekuwa nauza maji ya moto.

Mzee alitokea asubuhi moja ya ukungu, amebeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni.

"Kamwene," akasalimu. "Nimesikia mama anauza."

Mpishi akamletea chai, akakunja goti kumwamkia. Sikushtuka, maana huku kila mwenye mvi hukunjiwa goti.

Nikamtajia bei. Akaniuliza mahindi ya Kenya yamekubali mwaka huu? Nikarudia bei. Akamaliza chai yake, akasema, "Tumesikia, mama," akaenda zake. Kwetu mtu akitaka kitu mtagombana kwanza. Huyu alikuwa kama amekuja kunijulia hali.

Akarudi baada ya siku kadhaa na vitunguu vingine.

"Wenzangu wanasema hapo umepandisha," alisema.

Wenzake gani, na yeye mara zote amekuja peke yake? Halafu akaniambia bati la jikoni linavuja, kwa hiyo nipunguze. Hapo nilikasirika na kuogopa kwa pamoja. Jikoni hajawahi kuingia, na habari za bati nilikuwa nimemlalamikia mpishi peke yake, jana yake, tukiosha masufuria. Nikaanza kumwangalia yule mzee kwa jicho la wasiwasi.

"Unamwonaje huyu?" nilimuuliza mpishi. "Ananunua kweli, au ananipotezea muda?"

Akainamia maharage aliyokuwa akichambua. "Mimi sijui, mama. Labda umsubirie kidogo."

Nikasubiri. Nilishusha bei, mzee akapanda kidogo, akaenda kuwauliza hao wenzake nisiowaona, akarudi. Mwishowe tukaelewana, nikatoa sharti langu.

"Yule dada asiguswe. Ukimfukuza, sikuuzii hata kijiko."

Mzee alinitazama, akacheka mpaka chai ikampalia.

"Mama, nimfukuze nani? Mimi nimetumwa tu. Mnunuzi ni yeye. Mimi ni mjomba wake."

Nikageuka. Mpishi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ncha ya kitenge iko mdomoni. Pesa zilikuwa zake na za wenzake wa kikoba, kikundi chao cha kuweka akiba. Kutwa nzima tulikuwa wote, sufuria kwa sufuria, na mimi nilikuwa nabishana naye bila kujua, huku yeye ndiye ananimiminia chai.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Ningesemaje, mama? Mtu haendi kuomba mwenyewe. Ungenikatalia, kesho ningeingiaje humu jikoni? Na wewe ungenitumaje? Mjomba ukimkatalia anarudi kwake Mbuyuni, sisi tunaendelea kupika."

Nilikaa kwenye benchi. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, sijui hata nalia nini. Nikafuta uso na kusema basi, kama ni wewe, ile bei tuiache, nitapunguza, nipe utakachoweza.

Mzee akafungua mdomo kujibu. Mpishi akamgusa bega, akaja mpaka mbele ya meza yangu.

"Hapana, mama. Nimekuja kununua, sijaja kupewa."

Akaitaja bei ileile tuliyokubaliana, mwenyewe, akinitazama usoni. Nikasema sawa.